Boma la Bagamoyo: Tuwaambie Watoto Historia Yote



Ndugu wazazi, kila ikifika likizo baadhi ya familia zetu za Burundi na Kongo hufunga safari kwenda pwani ya Tanzania kuzuru jamaa. Wakifika Bagamoyo hupiga picha mbele ya Boma la Mjerumani, wakarudi nyumbani. Watoto wakiuliza "hii nyumba ni ya nani?", jibu huwa ni moja: "Ya wakoloni." Jibu hilo si la uongo, ila ni nusu ya ushahidi, na nusu ya ushahidi humpotosha mtoto.

Tuanze na nyumba yenyewe. Boma lilikamilika mwaka 1897. Wakati huo Wajerumani walikuwa wameshahamishia makao makuu yao Dar es Salaam, tangu mwaka 1891, na Bagamoyo imebaki mji wa wilaya. Walijenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa kama majumba mengine ya pwani, wakaweka matao ya kufanana na ya Waarabu, na juu ya kuta wakaweka meno kama ya ngome. Nyumba ilijengwa ili itishe. Miaka minane kabla, mwezi wa Disemba 1889, Abushiri bin Salim aliyeongoza vita vya kuwapinga alinyongwa Pangani. Na mwaka huo huo wa 1897 ilitangazwa kodi ya nyumba: kila mwenye kibanda alipe, na asiye na fedha alipe kwa jasho lake.

Hiyo ndiyo nusu tunayoipenda, kwa sababu mkosaji ni mtu mwingine. Sasa tuitazame nusu ya pili.

Kwanza, Mjerumani hakutawala peke yake. Jeshi la Wissmann lililomshinda Abushiri lilikuwa na mamia ya askari wa Kisudani, na wengi wao walikuwa Waislamu. Maakida na maliwali waliokusanya kodi kwa niaba yake wengi walikuwa Waislamu wa pwani. Kwa hiyo mbele ya kuta zile Muislamu alisimama kila upande: aliyepiga na aliyepigwa, aliyedai kodi na aliyedaiwa.

Pili, utajiri wa Bagamoyo ulikuwepo kabla ya Boma, na ulitoka huku kwetu. Njia ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Tabora hadi Ujiji, safari ya zaidi ya kilomita 1,000, kisha ikavuka Ziwa Tanganyika mpaka Manyema. Pembe za ndovu zilibebwa mabegani mwa watu. Wengine walikuwa wapagazi wa ujira, wengine walikuwa watumwa. Na kati ya waliowanunua na kuwauza walikuwemo watu waliokuwa wakisali swala tano. Tusiwafiche watoto jambo hili.

Najua wapo watakaosema, "Ustadhi, kwa nini uwape maadui silaha?" Jawabu langu ni kwamba silaha hiyo wanayo tayari. Mtoto ataisoma shuleni, tena bila ya kuambiwa kuwa dini yake imeweka kuwakomboa watumwa miongoni mwa mafungu manane ya zaka, na kwamba Mtume (s.a.w.) ameonya vikali juu ya anayemuuza mtu huru akala thamani yake. Akiyasikia maovu ya wafanyabiashara wale kwa mara ya kwanza kutoka kwa mtu mwingine, atadhani ndiyo dini. Akiyasikia kwako, atajua kuwa waliivunja dini. Na Surat An-Nisaa aya ya 135 inatuamrisha kutoa ushahidi wa haki hata ukiwa dhidi ya nafsi zetu, wazazi wetu na jamaa zetu.

Vile vile mtoto ajue kuwa waliojenga Boma walidai wamekuja kukomesha biashara ya watumwa, lakini utumwa wenyewe hawakuufuta. Sheria yao ya mwaka 1904 iliwapa uhuru watoto watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 tu. Utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922, chini ya Waingereza.

Tatu, yupo mtu mmoja ambaye kila mtoto wetu anastahiki kumjua. Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu Sheikh Ramiya, alitolewa Manyema akiwa mdogo, akafika Bagamoyo akiwa mtumwa. Alisoma, akafungua madrasa, akawa khalifa wa Twarika ya Qadiriyya ambaye wanafunzi walimfuata kutoka mbali. Waingereza walipouteua uongozi mpya wa mji mwaka 1916, yeye ndiye aliyefanywa Liwali wa Bagamoyo. Alifariki mwaka 1931. Mtoto aliyeletwa bila hiari akawa kiongozi wa mji ule ule, na kilichompandisha ni elimu.

Wapo miongoni mwetu wanaoona fahari kusema babu yao alikuwa mfanyabiashara wa pwani, na wanaona haya kusema alikuwa mpagazi au mtumwa. Haya hiyo haina msingi. Aibu ni ya aliyedhulumu, si ya aliyebebeshwa mzigo.

Basi wazazi wenzangu, wazee waliobaki waulizeni wametoka wapi na walifikaje, na maneno yao muyaandike kabla hawajaondoka. Mkifika Bagamoyo, baada ya picha kaeni na watoto kivulini, muwaeleze nani alijenga, nani alitumikia, nani alibeba na nani alisoma akainuka. Kuta za chokaa hukarabatiwa na mafundi, lakini ushahidi ukishapotea hakuna fundi wa kuurudisha.

Allah atujaalie kuwa mashahidi wa haki.

Wabillahi tawfiq.