Laptopu ikifa, usikubali diski ifutwe

Jumapili moja mwezi uliopita nilikuwa nimejinyoosha kwenye kochi nikingojea chapati ziive, mlango ukabishwa kwa kishindo. Alikuwa binti ya dada yangu, mwanafunzi wa mwaka wa nne chuo kikuu, macho mekundu kama mtu aliyeshinda akimenya vitunguu. Kwapani alikuwa amebana kitu kilichofungwa kwa leso.

"Mjomba, imekufa," akasema.

Ndani ya leso mlikuwa na laptopu, ile ambayo walimu wa Kiswahili hutaka tuiite kipakatalishi. Alhamisi usiku ndugu yake mdogo alikuwa ameiangushia kikombe kizima cha chai ya maziwa. Ikazima papo hapo. Kesho yake akaipeleka kwa fundi mmoja mjini ambaye, hata bila kuifungua, alisema kila kitu kimeungua. Hata hivyo, kwa Sh4,000 angeitoa diski, aifute, aitie Windows mpya na kuifunga kwenye mashine nyingine.

Neno hilo "aifute" ndilo lililomtoa binti wa watu mbio. Katika diski hiyo mlikuwa na tasnifu yake, pamoja na sauti za wazee 11 aliowahoji huko Mwingi kuhusu miaka ya ukame. Isitoshe, mlikuwa na picha za marehemu baba yake. Nakala nyingine? Hakuna. Sikumkemea. Mimi mwenyewe nilikuwa nikitunza makala yangu kwenye fleshi moja tu, mpaka siku ilipofuliwa pamoja na suruali.

Bahati nzuri, baba yake mkubwa alikuwa amempa laptopu nyingine ya mtumba, iliyotengenezwa mwaka wa 2017. Ile iliyokufa ni ya 2013. Alitaka kujua kama twaweza kuhamisha memori na diski kutoka kwa marehemu hadi kwa aliye hai.

Kabla ya kushika bisibisi nilimweleza jambo ambalo hata watu wazima maofisini hulichanganya. Memori ni kama meza ya kufanyia kazi. Umeme ukikatika, yote yaliyokuwa juu yake hutoweka. Diski ndiyo kabati, na vilivyomo hukaa humo hata mashine ikilala mwaka mzima. Kwa hivyo katika memori ya laptopu yake hamkuwa na hata neno moja la tasnifu. Memori hununuliwa dukani. Sauti za wazee wale haziuzwi popote.

Tukatandaza gazeti mezani (la jana, si hili). Tukachomoa chaja na betri, kisha nikabonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa ili umeme uliosalia ndani uishe. Katika mashine nyingi za siku hizi betri imefichwa ndani, nawe huna budi kufungua kifuniko cha chini na kuchomoa waya wake kwanza. Skrubu tulizipanga kwenye kisahani kwa mpangilio zilivyotoka, maana si zote zenye urefu mmoja.

Tulianza na memori. Ni kijibao chembamba kinachoshikwa na vibanio viwili pembeni. Ukivitanua, kijibao huinuka chenyewe, nawe unakichomoa kwa mshazari. Lakini tulipojaribu kukitia kwenye mashine ya pili kilikataa katakata. Binti akataka kukisukuma kwa nguvu, nikamshika mkono. Cha zamani kilikuwa cha aina ya DDR3 chenye vijino 204. Mashine ya 2017 inataka DDR4 yenye vijino 260. Watengenezaji wamelihamisha makusudi lile pengo lililo kwenye safu ya vijino ili usikosee, kwani hata umeme wao hautoshani: DDR4 hutumia volti 1.2, na DDR3 hutumia 1.5 au 1.35. Na kuna laptopu nyembamba ambazo memori yake imetiwa lehemu kwenye bodi. Hizo usijisumbue nazo.

Diski ilikuwa kavu, chai haikuifikia. Ni ya inchi 2.5 na mlango wake ni wa SATA, sawa na ile ya mashine ya pili, basi ikaingia bila taabu. Tukawasha. Skrini ikatujibu kwamba haioni kitu cha kuanzia. Machozi yakarudi.

Hapa, mpenzi msomaji, ndipo wengi huingia mtegoni. Hudhani diski imekufa, wakakubali ifutwe. Kumbe diski ni nzima, ila Windows iliyomo iliwekwa kwa desturi za mashine ya 2013, na hii mpya ilikuwa imepangwa kuanza kwa utaratibu mwingine. Sisi hatukutaka Windows ile. Tulitaka mafaili tu.

Tukairudisha diski ya mashine yenyewe mahali pake. Jumatatu nikapitia Luthuli Avenue, nikanunua kasha dogo la USB kwa Sh600. Unaipachika diski ya zamani ndani ya kasha, unachomeka waya, nayo inaonekana kama fleshi kubwa. Mashine ilisema hatuna ruhusa ya kufungua folda lake. Tukabonyeza kuendelea, ikafungua. Lakini ikikwambia diski lazima ifomatiwe kabla ya kutumika, kataa. Ukiisikia ikigonga tik, tik, tik, izime mara moja umtafute fundi wa kuokoa data. Na ikiwa diski imefungwa kwa BitLocker, itakudai ufunguo wa tarakimu 48, na bila huo hata fundi stadi hafui dafu. Wenye mashine mpya wautafute ufunguo huo leo, chai ingali jikoni.

Kunakili kulichukua zaidi ya saa moja. Tulihifadhi nakala ndani ya laptopu na nyingine kwenye diski yangu ya nje. Ile ya zamani tuliiweka kabatini jinsi ilivyo. Kijibao cha memori kilipata makao kwenye mashine kuukuu ya dada yangu, yenye nafasi tupu ya DDR3, nayo ikatoka 4GB hadi 8GB.

Dada alikuwepo picha zilipoanza kupita kwenye skrini. Akaomba moja irudishwe. Ni mumewe, amesimama kando ya baiskeli, anacheka na mtu ambaye hayumo pichani. Tulikaa kimya kidogo. Kisha binti akainuka, akaenda jikoni kumtafutia ndugu yake kikombe chenye kifuniko.