Kansa ya matiti: kipande cha uvimbe ndicho kinapashwa kusafiri, si mama mgonjwa

Mama anaweza kupasuliwa titi Butembo ao Uvira, kidonda kikapona, jamaa ikashukuru Mungu na kufikiri kwamba kazi imeisha. Lakini swali moja kubwa linabaki: kansa hiyo ilikuwa inalishwa na homoni za mwili wake, ao hapana?

Duniani, karibu kansa mbili za matiti juu ya tatu zinakua kwa nguvu ya homoni ya kike inayoitwa estrojeni. Kwa kansa za namna hiyo kuna dawa, tamoksifeni, ambayo inaziba mlango ambamo estrojeni inaingilia. Ni kidonge cha kila siku, kwa miaka 5, na kwa wamama wengine hadi 10. Tafiti zimeonyesha kwamba miaka 5 ya dawa hiyo inapunguza hatari ya kufa kwa kansa hiyo kwa karibu theluthi moja. Haina maajabu: inatumika tangu miaka ya 1970, viwanda vingi vinaitengeneza, na OMS imeiweka kwenye orodha ya dawa za lazima.

Shida kubwa, basi, ni kipimo. Kansa isiyopokea homoni haisikii tamoksifeni. Mama anayepewa bila kupimwa anaweza kumeza kidonge cha bure kwa miaka, huku akivumilia joto la ghafla, na hatari ya damu kuganda ndani ya mishipa. Na yule ambaye dawa ingemsaidia anaweza kuikosa.

Kipimo hicho kinaomba maabara ya kisasa na mtaalamu, na si kila mji wa mashariki unaweza kuvipata kesho. Ndiyo maana jamaa nyingi zinafikiria kuuza shamba ili mgonjwa aende Kampala ao Kinshasa. Mwaka 2025, uwanja wa ndege wa Goma ulipofungwa na mabenki yakafunga milango, hata njia hiyo ilikuwa ngumu.

Lakini mama hana lazima ya kusafiri. Kipande cha uvimbe kikiwekwa haraka ndani ya formalini, kisha kikafungwa ndani ya nta, kinaweza kubebwa kwa gari hadi kwenye maabara ya mbali, bila frigo. Kikiachwa ndani ya maji ao kwenye chupa tupu, kinaharibika, na jibu linaweza kudanganya.

Divisheni za afya za majimbo zinapashwa kupanga mambo matatu: formalini katika kila chumba cha upasuaji, njia moja inayojulikana ya kupeleka vipande na kurudisha majibu, na akiba ya tamoksifeni ya miezi mingi, sababu dawa hii haipendi kukatizwa. Mama anayekimbia vita apewe vidonge vya kubeba pamoja na karatasi yenye jibu la kipimo chake.

Kuna watakaosema kwamba malaria, kipindupindu na majeruhi wa risasi ndio wa kwanza. Ni kweli kwamba hao hawawezi kungoja. Lakini kansa nayo haingoji amani irudi. Na chupa ya formalini haichukue nafasi ya kitanda cha mtu yeyote.