Mbuzi Wakae Zizini Kwanza



Baba mmoja wa Karatu ametuuliza shauri. Mwanawe wa kidato cha nne husomea kompyuta kuukuu ya Linux, na macho yamuuma kwa udogo wa herufi. Basi baba akanunua kioo kikubwa cha mtumba. Kilipoungwa, picha ikatokea nene, yenye ukungu kama asubuhi ya ukingoni mwa Ngorongoro. Sasa ataka kuuza mbuzi wawili apate kioo kipya. Nasema, baba, ngoja kwanza.

Yafaa ujue ya kwamba kioo na kompyuta husemezana. Waya wa kizamani, ule wenye plagi ya buluu, una nafasi 15 za pini. Kwa pini ya 12 na ya 15 kioo huieleza kompyuta vipimo vyake. Moja ikipinda au kukatika, kompyuta haisikii kitu, nayo hubahatisha kipimo kidogo, mara nyingi 1024 kwa 768. Kioo cha 1920 kwa 1080 hulazimika kukitanua, na ndio huo ukungu.

Basi zima vyote, uchomoe waya, uzitazame pini mwangani. Ya 9 isipokuwapo usishtuke. Viwanda vingi huiacha makusudi. Vumbi letu jekundu lipanguse kwa brashi kavu. Kisha azima waya wa jirani ujaribu. (Kama kioo ni cheusi kabisa, bonyeza kitufe chake cha kuchagua tundu, huenda chasubiri picha kwenye tundu jingine.)

Bado? Fungua mipangilio, sehemu ya vioo, uchague kipimo cha kioo chenyewe. Kisipoonekana, na Linux yako ikiwa yatumia Xorg, fungua terminali uandike xrandr. Itataja kila tundu na vipimo vyake: nyota ni kipimo kinachotumika sasa, alama ya kujumlisha ni kile kioo chenyewe kinachokipenda. Kama 1920 kwa 1080 hakimo, andika cvt 1920 1080. Utapewa mstari wa kukiongeza kwa xrandr --newmode, halafu --addmode pamoja na jina la tundu, halafu --output na --mode kukitumia.

Kipimo kilichoongezwa hivyo hupotea kompyuta ikizimwa. Mwana na aziandike amri hizo daftarini.