Sura kwenye sarafu zetu

Makaisari wa Roma walichora kwenye sarafu za shaba mungu wa kike wa ushindi, mwenye mabawa, na mateka chini yake. Ila tusiishie Roma. Desturi hiyo ya kutangaza ushindi kwenye sarafu ilitufikia hapa Nairobi. Senti za shaba zenye tundu, zilizotumika enzi za ukoloni, zilikuwa na taji, pembe za ndovu na maneno ya Kilatini, kwa mfano GEORGIVS V REX ET IND: IMP:, yaani George wa Tano, Mfalme na Kaisari wa India. Mchukuzi wa mizigo mjini alilipwa kwa pesa iliyomkumbusha nani alimshinda, kwa lugha asiyoijua!

Tukapata uhuru, na tangu 1966 tukaweka sura ya Mzee Kenyatta, kisha Moi, kisha Kibaki. Mimi naona huo ulikuwa ukaisari uleule. Katiba ya 2010, kifungu cha 231(4), ilikataza picha ya mtu yeyote, na Desemba 2018 wakaja twiga, kifaru, simba na ndovu. Huo ni uamuzi bora kabisa.

Walimu wa mitaa ya Kangemi na Kawangware, wapeni wanafunzi sarafu ya zamani na ya sasa, muwafundishe kuzisoma.