Je, Msaliti Mmoja Ndiye wa Kulaumiwa?

Muhula huu, katika mjadala wa darasa letu juu ya njama ya askari wa Kihindi ya mwaka 1915, karibu wenzangu wote walisema, "Kikulacho ki nguoni mwako." Kwa maoni yao, Kirpal Singh peke yake ndiye aliyeiharibu. Mimi sikukubali, na naomba nafasi nieleze sababu.

Kwanza tukumbuke mambo yenyewe. Chama cha Ghadar, yaani Uasi, kilianzishwa huko Marekani mwaka 1913 na Wahindi, wengi wao wakulima na vibarua kutoka Punjab. Vita Kuu ilipoanza mwaka 1914, Uingereza ilipeleka majeshi mengi ng'ambo, nao wakaona saa imefika ya kurudi kwao kuwaondoa Waingereza. Pamoja na Rash Behari Bose wa Bengal, walipanga askari wa Kihindi katika kambi za Lahore, Ferozepur na kwingineko waasi tarehe 21 Februari 1915. Kirpal Singh, mpelelezi wa polisi, akatoa habari. Wakabadili siku iwe tarehe 19. Akaitoa na hiyo. Polisi wakavamia nyumba zao mjini Lahore, na askari walioshukiwa wakanyang'anywa silaha. Uasi ukafa kabla ya kuzaliwa.

Hayo ni kweli. Lakini nyumba inayoanguka kwa kung'olewa msumari mmoja haikujengwa vema. Kirpal Singh aliaminiwa kwa upesi mno, kwa kuwa jamaa yake alikuwa askari. Tena, gazeti la chama lilikwisha tangaza uasi waziwazi, hata serikali ikawangoja bandarini na kuwakamata wengi waliposhuka melini. Na huko Punjab wako wanavijiji waliowashika wenyewe na kuwapeleka polisi, kwa sababu hawakuwa wameandaliwa. Nyufa hizo zilikuwapo kabla ya msaliti kutokea.

Sisemi haya kwa dharau. Kartar Singh Sarabha, aliyesaidia kupiga chapa gazeti hilo, alikuwa karibu kuvuka mpaka baada ya njama kushindwa. Akarudi kuwashawishi askari tena, akakamatwa. Alinyongwa tarehe 16 Novemba 1915, pamoja na wenzake sita. Umri wake ulikuwa miaka 19. Wako wanafunzi wa shule hii wenye umri huo! Bhagat Singh, aliyenyongwa mwaka 1931, alikuwa akichukua picha yake mfukoni. Na mwaka 1947 India ikapata uhuru.

Basi ushujaa haukupungua. Kilichopungua ni subira na maandalizi. Tukimtwika msaliti lawama zote, hatujifunzi neno. Wasaliti watakuwapo siku zote, na mwenye shauri kubwa lazima awahesabu tangu mwanzo. Asiyeziba ufa atajenga ukuta, na Kartar Singh hakupewa nafasi ya kuujenga.