Majarida Laghai ni Mirija Mipya

Unyonyaji una sura nyingi, na sasa umevaa joho la usomi. Wako wachapishaji wanaowaandikia wataalamu wetu barua zilizojaa sifa, wakiahidi kuchapisha makala zao kwa siku chache, bila ya mhakiki kuzisoma, mradi ada ilipwe.

Mwaka 2013 John Bohannon, akiliandikia jarida la Science, aliyapelekea majarida 304 utafiti wa kubuni kuhusu dawa ya saratani, wenye makosa ya wazi. Majarida 157 yaliukubali. Daktari akifuata maandishi ya namna hiyo, ataumia nani kama si mgonjwa mnyonge?

Chuoni hatukuhitimu kabla ya kumsomea mwalimu herufi kwa herufi. Sayansi nayo ni hivyo hivyo. Mtaalamu, kabla ya kupeleka makala yake, hana budi kuuliza: Wahariri ni nani, na wenyewe wanajua kuwa wametajwa? Ada imetangazwa mapema?

Nao viongozi wanaopandisha vyeo kwa kuhesabu makala wasizozisoma, wajue kuwa ndio wanaowalisha matapeli hao. Fedha ya umma ni amana. Tusome kwanza, ndipo tuhesabu.