Uchunguzi wa migodi: nani analipa, nani anasoma?

Tarehe 18 Februari 2025, ukuta wa bwawa la machafu ya mugodi ulibomoka ngambo ya Zambia, ku Chambishi, karibu na Kitwe. Ni kwa kompani Sino-Metals Leach Zambia. Maji ya asidi yalishuka mu muto Mwambashi, kiisha mu Kafue, ule muto wenye kunywesha mamilioni ya watu. Kitwe si mbali na siye, madereva wa malori yetu wanapita kule kila juma. Habari ile tuliifuata tangu mwanzo, lakini kitu kilichotufungua macho kilikuja nyuma, mu Agosti.

Mwanzo ilisemwa kama yaliyotoka ni litre milioni 50. Kompani iliita biro moja ya Afrika Kusini, Drizit, ije kupima mazara. Biro ile ikapima, ikasema machafu yaliyotoka ni tone milioni 1.5. Litre milioni 50 za maji ni kama tone 50,000. Fanyeni hesabu wenyewe: ni mara 30. Mbele raporo ya mwisho itolewe, kompani ikakata kontra. Ilisema Drizit haikuheshimu masharti ya kontra. Pengine ni kweli, siye hatuko waamuzi. Lakini tuko na ulizo moja: kama ile namba ingekuwa ndogo, kontra ingekatwa?

Tunaleta mambo ya Zambia juu ni yetu pia. Mu Haut-Katanga na Lualaba, kazi ya kupima na kushauri imekuwa biashara kubwa. Kuko biro za etidi zinazopima maji, hewa na udongo. Kuko wale wanaohesabu shaba na kobalti yenye kubakia chini. Na kuko wachumi wanaokuja na tablo zao kuonyesha kama mushahara hauwezi kupanda. Kode ya migodi ya 2002, ile iliyorekebishwa 2018, inalazimisha kompani ifanyishe uchunguzi wa mazingira na wa maisha ya wakaaji, na biro inapashwa kuwa na kibali cha waziri wa migodi. Hapo hatuna neno. Lakini kompani njo inachagua biro, na kompani njo inalipa. Serikali, kupitia Agence Congolaise de l'Environnement, inakuja kusoma kilichoandikwa. Kusoma karatasi ni kazi moja, kwenda ku muto na chupa mukononi ni kazi ingine.

Tuseme sasa yale tuliyoyaona na macho yetu. Mu kompani moja ambayo hatutaitaja, biro ilikuja kupima vumbi ku konkaseri, zile mashini za kuvunja majiwe. Tulijua mbele kama wageni wanakuja, juu siku mbili muzima malori ya maji yalimwangia barabara asubuhi na mangaribi, kitu ambacho tuliomba tangu mwaka mbele na hatukukipata. Siku yenyewe, konkaseri mbili kwa tatu zilisimama. Walisema ni matengenezo. Kijana wa biro alimufungia delege wetu ka chombo karibu na shingo, masaa manne, kiisha akakatoa na akaenda zake. Ekipe ya usiku, ile inayokula vumbi kuliko wote, haikupimwa.

Miezi mitano ikapita. Raporo ikafika: vumbi iko chini ya kipimo. Kurasa zaidi ya 400, Kifaransa tupu. Delege wetu alipewa saa moja ya kuisoma mu biro ya direkta, bila kutoka nayo, bila kupiga foto. Hata hivyo, mu ile saa moja alikutana na jina la muto ambao hauko mu eneo letu hata kidogo. Raporo ya fasi ingine: walibadilisha jina la kompani, wakasahau kubadilisha muto.

Mutu anaweza kucheka. Lakini kulikuwa mwenzetu mumoja wa ekipe ya usiku, alikuwa anakohoa tangu mwaka muzima. Alipoomba daktari aandike kama ni ugonjwa wa kazi, walimuonyesha raporo ile ile: vumbi ni kidogo, basi kikohozi chako ni cha sigara. Yeye hajavuta sigara hata siku moja. Bila lile neno la daktari, hakuna malipo ya ugonjwa wa kazi, na bibi yake anauza makala ku barabara mupaka leo. Kwa siye, etidi mbaya inaonekana pale, mu nyumba ya yule mutu.

Hatusemi vijana wa biro ni wezi. Yule wa chombo tulikutana naye nyuma, mu bus ya Likasi. Alisoma kemia. Alitueleza namna kazi inagawanywa: biro kubwa ya inje ya inchi inashinda kontra, inapatia biro ndogo ya hapa sehemu ya kwenda ku terrain, na ile ndogo inakamata mutu kama yeye kwa siku sita, malipo ya kila siku. Jina lake haliko ku raporo. Akatuambia: «Bayaya, miye niliandika kama konkaseri mbili zilisimama. Ile maneno iliondolewa njiani, sijui na nani.» Tulimuamini. Mutu anayengojea kazi ya juma lijalo kwa tajiri yule yule, ataenda kulalamika wapi?

Na jambo hili si la hapa tu. Ku Brumadinho, inchi ya Brésil, bwawa la kompani Vale lilibomoka tarehe 25 Januari 2019 na likaua watu 270. Mu 2018, miezi michache mbele, biro ya Brésil ya kompani TÜV SÜD ya Allemagne ilitia sahihi kama lile bwawa ni salama. Jina kubwa halikuzuia matope. Kwetu Lubumbashi, mu Novemba 2025, wakaaji wa komini Annexe walijikuta na maji machafu ya kompani CDM mu barabara zao, na waziri wa migodi akasimamisha kazi yake kwa miezi mitatu. Mama anayeuza lengalenga kandokando ya maji yale, nani atamusomea majibu ya vipimo, na mu luga gani?

Wachumi nao tuwaseme kidogo. Mu majadiliano ya mishahara, wanaletwa wakati bei ya shaba inashuka. Bei ilipita dola 10,000 kwa tone mu Machi 2022, ikapita tena mu Mei 2024. Siku zile hatukuona muchumi yeyote kuletwa mezani. Wazee wa Gécamines wako na kumbukumbu ndefu kuliko yetu: 2003 na 2004, wafanyakazi 10,655 walitoka mu mpango wa Benki ya Dunia uliitwa «départ volontaire», na wengi kati yao walilalamika miaka na miaka kama hesabu ya malipo haikulingana na haki yao.

Kupima kwa upande wako mwenyewe kunasaidia, na serikali inajua. Mu 2021 iliweka komisyo juu ya Tenke Fungurume. Gécamines, yenye sehemu ya 20 kwa mia, ilikuwa inasema kama CMOC haikutangaza akiba yote ya madini, CMOC ilikataa. Ugomvi ukawa mukali, bizaa ikazuiliwa kutoka tangu Julai 2022. Mu Aprili 2023 wakapatana: CMOC ilipe dola milioni 800 mupaka 2028. Serikali isingesema «tuhesabu upya», ile feza isingeonekana.

Na wapimaji tuko nao. Wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na wenzao wa Leuven, walitangaza mu 2018 kama wakaaji wa Kasulo, ku Kolwezi, walikuwa na kobalti nyingi mu damu na mu mukojo, zaidi sana watoto. Mu 2020 wakatangaza uchunguzi mwingine wa Lubumbashi: hatari ya mutoto kuzaliwa na kilema ilikuwa kubwa zaidi kama baba yake anafanya kazi inayohusu madini. Hawa hawakuitwa kujazia kompani karatasi ya kibali. Kwa hiyo, mutu asituambie kama ekspere wa kweli anatoka tu na avio.

Mu majadiliano ya sasa tumeweka maombi haya mezani. Kompani iendelee kulipa, lakini feza iwekwe fasi ambapo kompani haiwezi kukata kontra peke yake. Komite ya usalama na usafi wa kazi, yenye delege wa sendika ndani, ichague biro pamoja na direksyo. Muhtasari uandikwe mu Kiswahili na ubandikwe ku mulango mukubwa. Kuko mutu wa direksyo aliyetupa wazo la kutumia ile 0.3 kwa mia ya mauzo ambayo Kode inaweka kwa maendeleo ya wakaaji. Tulikataa pale pale. Ile ni feza ya visima na shule za vijiji, na wakaaji hawakuleta vumbi.

Walitujibu kama ekspere wa aina hiyo ni bei sana, na kama watafikiri. Kipimo kingine cha vumbi kimepangwa mbele ya mwisho wa mwezi ujao. Tumeandika barua: kifanyike usiku, konkaseri zote tatu zikizunguka, malori ya maji yakifuata kazi yao ya kila siku na si zaidi. Delege wetu aliipeleka Jumatatu, akachukua sahihi ya kupokea. Jibu bado.